Mpime Diwani kwa Kazi Unayoijua

Kila uchaguzi unapokaribia, maneno yale yale husikika Tanga mjini na hata Muheza: mtu wa kijijini hajui siasa, humpa kura aliyemletea khanga na pilau, hawezi kumtambua kiongozi anayeijua kazi kati ya wengi wanaojua kuongea. Wengi wanaosema hivyo wamesoma. Baadhi yao wameingia ofisini kwa kura za watu hao hao wanaowabeza. Mimi naamini kinyume chake, na ninaandika kueleza namna mkulima wa Sigi, mwenye iliki na mdalasini wake chini ya msitu wa Amani, anavyoweza kumpima mwenyekiti wa kijiji, diwani na mbunge akapata jibu la kutegemewa. Sharti lake ni moja: apime kazi anayoijua kwa macho na mikono yake, wala asikubali kuvutwa apime yale ambayo hana namna ya kuyajua.

Dharau hii ina umri mkubwa. Plato wa Ugiriki aliifananisha nchi na merikebu, akashangaa mabaharia wasiojua kusoma nyota wanavyogombania usukani. Mwanafunzi wake Aristotle alitoa hoja ambayo mpaka leo sijaona ikishindwa: anayekaa ndani ya nyumba anaujua ubora wake kuliko fundi aliyeijenga. Paa likivuja, ni mkaaji anayelowa. Mpiga kura hahitaji kujua kuandaa bajeti ya halmashauri. Anahitaji kujua kwamba anavujiwa, kisha amjue fundi aliyehusika. La kwanza halimshindi mtu yeyote. La pili ndilo linalotutelezesha, na ndilo linalotaka mbinu.

Mlalo walivyopima

Mfano mkubwa uko kwenye milima yetu wenyewe. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, Lushoto. Maofisa kilimo walikuwa wameona mmomonyoko, na kwa kweli ulikuwepo; miteremko ilikuwa imelimwa kupita kiasi. Dawa waliyoileta ilikuwa matuta. Kila mwenye shamba la mteremkoni alitakiwa kulima matuta ya kukinga maji, kwa amri, na asiyefanya alitozwa faini. Mwaka 1950 mpango ukapanuliwa kwenda sehemu kubwa ya Usambara.

Wakulima waliupima kwa mizani waliyokuwa nayo. Wanawake ndio waliokuwa wameshika jembe la chakula kwa sehemu kubwa, na wao waliona jambo ambalo halikuwemo kwenye makaratasi ya maofisa: kazi ya matuta inakula siku za kupanda na kupalilia. Nyumba yenye mikono mingi ingeweza kuvumilia. Mjane, au mama ambaye mumewe yuko kwenye mashamba ya mkonge, angelala njaa. Ikaongezeka hofu kwamba shamba likishatengenezwa kwa amri ya serikali, kesho litakuwa la serikali. Wakakataa, wakatozwa faini, wakaendelea kukataa. Machifu waliosimama upande wa matuta walipoteza heshima mbele ya watu wao. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umekufa. Mwanahistoria wa Marekani, Steven Feierman, aliwaandikia wakulima hao kitabu kizima mwaka 1990, akiwaita wanafikra.

Sitaki kuwapamba. Kukataa kwao hakukusimamisha mmomonyoko. Maofisa walikuwa wameujua ugonjwa. Wakulima waliijua bei ya dawa, na walijua nani angeilipa. Kuanzia mwaka 1981 mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko ulipokuja Lushoto na makingamaji yaliyopandwa majani ya Guatemala na miti, wakulima wengi waliyapokea, kwa kuwa majani yale yalikuwa pia chakula cha ng'ombe wa zizini. Vilima vilikuwa vile vile na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba safari hii hesabu yao ilitoka vizuri.

Na kwenye kura tunao ushahidi wa taifa zima. Septemba 1965 Tanzania ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa chama kimoja. Jimboni wagombea wote wawili walikuwa wa TANU; mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Mtu angetegemea watu wapige kura kwa mazoea tu. Lakini wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Huko Morogoro watu walimchagua Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Asia, wakati ambapo ngozi ingeweza kuwa sababu nyepesi ya kumkataa. Watu ambao wengi wao hawakujua kusoma waliwatenganisha wagombea wa chama kimoja, wenye ilani moja.

Kwanza jua ni kazi ya nani

Kosa kubwa la mpiga kura wa leo ni kumlaumu asiyehusika na kumsifu asiyefanya kitu. Diwani husifiwa kwa barabara iliyojengwa na wakala wa serikali kuu, kisha hunyimwa kura kwa sababu bei ya iliki imeshuka. Yote mawili hayana haki.

Tuichukue iliki. Bei inayolipwa Muheza inafuata soko la dunia, na soko hilo linafuata mavuno ya Guatemala na India. Ikinyesha vizuri kwao, kwetu bei inaweza kuporomoka bila diwani yeyote kukosea. Kwa hiyo usimpime kwa bei. Mpime kwa mambo yaliyo chini ya bei: Je, ushuru wa mazao unakatwa mara moja, au mara mbili kwa mzigo ule ule? Anayekusanya anatoa risiti ya mashine au anaandika kwenye daftari lake? Mizani ya mnunuzi imewahi kukaguliwa? Njia ya kushusha gunia kutoka shambani inapitika Aprili? Hayo hayaamuliwi Guatemala. Mengi yanaamuliwa au kuombewa katika kikao ambacho diwani wako ana kiti.

Barabara nazo si za mtu mmoja. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoanza mwaka 2019, na chini yake kuna vyombo vya jamii vya watoa huduma ambavyo ndivyo vinavyokusanya hela ya ndoo na kutengeneza koki. Msitu wa hifadhi ya Amani unasimamiwa na TFS. Shule za msingi na zahanati ni za halmashauri. Ukiyajua haya, swali lako linabadilika. Badala ya kumuuliza diwani "mbona barabara mbovu?", muulize: barabara hii ni ya TARURA; umeiombea fedha katika kikao kipi, jibu lilikuwa nini, na baada ya kujibiwa ulifanya nini? Kiongozi anayeijua kazi atakuwa na majibu matatu. Asiyeijua atakwambia serikali inaendelea kulifanyia kazi.

Mvua za milima hii hazimwonei mtu huruma. Udongo hushuka, njia ya kwenda Amani hufungwa, daraja dogo huondoka na maji. Usimhukumu kiongozi kwa mvua. Mhukumu kwa kile kilichofanyika kabla na baada yake: mitaro ilizibuliwa Februari, kabla ya masika? Njia ilipofungwa, ilichukua siku ngapi kufunguliwa, na ni kijiji gani kilifunguliwa mapema zaidi? Andika siku hizo. Tarehe mbili kwenye daftari lako zinasema mengi kuliko hotuba ya saa nzima.

Linganisha vitu vilivyofanana

Kitu kimoja kikitazamwa peke yake hudanganya. Darasa jipya lenye rangi mpya linapendeza machoni mwa kila mtu siku ya kuzinduliwa. Ili ujue kama ni kazi nzuri, litafute jingine lililojengwa kwa fedha zile zile, wakati ule ule.

Mpango wa madarasa ya fedha za UVIKO wa mwaka 2021 ulitupa bahati hiyo. Serikali ilitenga shilingi milioni 20 kwa kila darasa, nchi nzima. Kiasi kilikuwa kimoja Lushoto, Muheza na Mkinga, kwa hiyo tofauti unazoziona leo zimetokana na usimamizi, pamoja na gharama ya kufikisha saruji mlimani. Nenda shule mbili au tatu. Tazama sakafu: imeanza kuchimbika? Tazama pembe za madirisha: ufa umeingia? Angalia bati, geji 28 na geji 30 ni vitu viwili tofauti, na fundi wa bati wa kijijini kwako atakwambia kwa kuligusa tu. Uliza fundi mwashi mfuko mmoja wa saruji ulitoa matofali mangapi. Akikutajia idadi inayomfanya mwenyewe acheke, umeshapata jibu.

Ujuzi huu hauna haja ya shahada. Vijiji vimejaa mafundi, akina mama waliobeba mchanga na kokoto, vijana waliolipwa kwa siku. Majengo mengi ya serikali vijijini yamejengwa kwa force akaunti, maana yake kamati za wananchi ndizo zinazonunua, zinazopokea vifaa na zinazosimamia. Kama umewahi kuwekwa kwenye kamati ya mapokezi ukasaini kupokea nondo ambazo hukuzihesabu, basi umesaini kwa niaba ya kijiji kizima. Kataa kusaini kabla ya kuhesabu. Namna mwenyekiti atakavyoupokea ukataaji wako ni kipimo kingine cha uongozi wake, na nadhani ni kipimo kizuri kuliko vyote.

Fika kwenye mkutano, na fika na swali

Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na sheria hiyo hiyo inaupa uwezo wa kumwondoa mjumbe yeyote, hata wote. Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa taarifa ya mapato na matumizi.

Kwenye vijiji vingi taarifa husomwa haraka haraka jua likizama, wakati akina mama wameshaondoka kwenda kupika. Mbinu ya kwanza ni kuomba isomwe mapema, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla ya mkutano. Ya pili ni kusikiliza namba nne tu: tulianza na shilingi ngapi, zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Mbili za kwanza ukizijumlisha, ukatoa ya tatu, unapaswa kuipata ya nne. Isipopatikana, swali lako limeshajiandika. Ya tatu ni kukumbuka salio la mkutano uliopita. Salio la Machi ndilo mwanzo wa Aprili, na hapo kati fedha hupotea kimya kimya pasipo mtu kulinganisha.

Kuuliza hadharani kunatisha, hasa kwa mama mjane au kijana ambaye mtendaji anamfahamu kwa jina. Msimwachie mtu mmoja. Kubalianeni watu watatu, kutoka vitongoji tofauti: wa kwanza aulize, mwenyekiti akikwepa, wa pili alirudie swali lile lile kwa maneno yale yale, kisha wa tatu. Ulizeni kwa adabu. "Mheshimiwa mwenyekiti, tunashukuru kwa taarifa. Naomba kufahamu risiti za mbao ziko wapi." Heshima haipunguzi ukali wa swali, inamnyima anayeulizwa kisingizio cha kukasirika. Na hakikisheni swali na jibu vimeandikwa kwenye muhtasari, kwa kuwa mkutano ujao utaanza kwa kuuthibitisha muhtasari huo.

Wenzetu wa pwani ya Kenya wameshatembea njia hii. Mwaka 2007 shirika la MUHURI la Mombasa liliwafundisha wakazi wa Changamwe kukagua miradi ya mfuko wa maendeleo wa jimbo lao. Walisoma mafaili ya miradi, wakaenda kukitazama kila kitu kilichoandikwa, wakagusa kuta na kuhesabu vifaa, kisha wakaitisha mkutano wa hadhara na kusoma walichokiona mbele ya kamati husika. Walikuwa watu wa kawaida wa mtaani. Walichoongezewa ni mafaili, na mpangilio wa kuyasoma.

Mafaili yana sheria yake kwetu pia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia wa Tanzania kuandika kwa ofisi ya umma akiomba taarifa, nayo ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi, taja mradi na mwaka wa fedha, peleka nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri.

Usibabaishwe na hati safi

Utasikia kiongozi akijisifu kwamba halmashauri imepata hati safi. Ni jambo jema, lakini lina kiasi chake. Mkaguzi Mkuu, yaani CAG, anapotoa hati inayoridhisha anasema kwamba hesabu zimeandaliwa kwa namna inayoaminika. Hasemi kwamba zahanati ina dawa au kwamba kisima kinatoa maji. Ripoti zake huwekwa wazi kila mwaka zikishafika bungeni, na ndani yake mna mambo yenye maana zaidi kwa mpiga kura kuliko aina ya hati: fedha za mapato ya ndani ambazo hazikupelekwa benki, miradi iliyosimama, mikopo ya vikundi isiyorejeshwa. Mtafute mwalimu au kijana mwenye simu nzuri, atafute jina la halmashauri yenu humo. Ukurasa mmoja au kurasa mbili zinatosha.

Na kwa kuwa nimetaja mikopo: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kipimo rahisi cha diwani ni kumwomba ataje vikundi vya kata yake vilivyopata, vilivyonyimwa, na sababu. Anayeviorodhesha bila kupapasa ameifanya kazi yake.

Wema ni kitu kingine

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapodanganyika kwa moyo mweupe. Kiongozi anayefika kwenye kila msiba, anayetoa nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Teule, anayewanunulia vijana mpira, ni jirani mwema. Mshukuru. Lakini jiulize kwa nini mgonjwa alihitaji nauli ya mfukoni mwake. Pengine gari la wagonjwa limelala bila tairi kwa miezi, na yeye ni mjumbe wa baraza lililopaswa kulitengeneza. Nauli aliyotoa imemsaidia mgonjwa mmoja, na imetusahaulisha wengine wote ambao hawakuwa na namba yake ya simu. Kuna viongozi, na nasema hili kwa uchungu, ambao huduma mbovu ndiyo mtaji wao: kila kinapokosekana kitu, wao huonekana wakitoa.

Zamani sheria ya uchaguzi iliiruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Hongo haijaisha kwa hukumu ile. Ushauri wangu kwa mwenye njaa si kuikataa sahani ya pilau. Siwezi kumwambia hivyo mtu mwenye watoto nyumbani. Ninachomwambia ni kwamba kura ni siri, na sahani haiingii naye kwenye kituturi.

Tenganisha pia ufasaha na uwezo. Wasambaa tunapenda mtu anayejua kusema, na haki yake apigiwe makofi. Kisha muulize swali lenye namba. Ahadi ya lami ya Muheza hadi Amani imesikika kwenye majukwaa kwa miaka mingi. Anapokuja mwingine nayo, mwombe aseme kilomita ngapi, kuanzia wapi, mwaka gani wa fedha, na ofisi gani inayojenga. Ayatamke hadharani, uyaandike, tarehe ukiiweka juu. Daftari la kijiji lenye ahadi za kampeni moja huwa silaha katika kampeni inayofuata. Kwa mbunge, kumbukumbu rasmi za Bunge ziko wazi kwa Kiswahili kwenye tovuti ya Bunge. Usisubiri kumwona kwenye televisheni. Tafuta alichouliza kuhusu wilaya yako, na waziri alichomjibu.

Usiyoyajua

Yapo mambo ambayo mkulima wa Sigi hawezi kuyapima kwa macho, na hata mimi siyawezi: thamani ya shilingi, mikataba ya bandari, mikopo ya nje. Usione aibu. Katika hayo, mtazame kiongozi anavyoeleza. Mwambie akueleze kama anavyomweleza mama yake: tunakopa nini, tutalipa lini, nani atanufaika kwanza. Anayelijua jambo hulirahisisha. Anayejificha nyuma ya maneno makubwa ama hajui, ama hataki ujue. Watafute na watu wenye ujuzi wasiogombea kitu: muuguzi wa zahanati, mwalimu mstaafu, bwana shamba. Wasikilize zaidi ya mmoja, maana kila mmoja ana upande wake.

Kisha kuna lile linaloumiza zaidi: unaweza kupima vizuri ukakuta karatasi ya kura haina wa kumlinganisha naye. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa madai ya kukosea fomu, Chadema ikajitoa, na viti karibu vyote vikaenda CCM. Novemba 2024 chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za uenyekiti. Oktoba 2025 Chadema haikuwemo kabisa kwenye uchaguzi mkuu. Anayesema wananchi hawawezi kuchagua vizuri aanze kwanza kwa kuwapa watu wa kuchagua. Hata hivyo kipimo hakilali. Mwanachama wa CCM anacho kwenye kura za maoni, ambako mara nyingi ndiko diwani anapatikana kwa kweli. Asiye mwanachama anao mkutano mkuu wa kijiji, ambao hauulizi kadi ya mtu.

Jaribu kwa mto wa Sigi

Haya yote yajaribu kwenye jambo moja ambalo kila mtu wa bonde hili analifahamu. Mto Sigi, au Zigi kama wengine wanavyouita, unashuka kutoka misitu ya Amani na kujaza bwawa la Mabayani, ambalo jiji la Tanga hunywa maji yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mkulima wa juu anaambiwa asogeze shamba. Mkazi wa Tanga anafungua bomba. Wachimbaji wa dhahabu walipofurika Sakale, kwenye milima hii, kuanzia mwaka 2003, maji yalichafuka, na watu wa bonde walikuwa wa kwanza kuyaona. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilikusanya shilingi bilioni 53 na zaidi kwa hatifungani ya kijani, ili kupanua huduma ya maji yanayotegemea mto huu huu.

Sasa mgombea udiwani akija, muulize haya. Mita 60 zimepimwa kwa kamba na kuwekewa alama, au kila ofisa anayepita anakadiria kwa macho? Mkulima aliyeng'oa mahindi yake kingoni alipewa miche ya nini mbadala, na miche hiyo ikoje leo? Kijiji kinapata nini kutokana na hifadhi na kutokana na maji yanayouzwa mjini, na fedha hizo zinasomwa kwenye taarifa ipi? Maji yakibadilika rangi kesho, ninampigia nani, na wewe utakuwa wapi jioni hiyo? Jibu lake utaweza kulipima, maana wewe ndiye uliyeishi kando ya mto huu, na mengi ya majibu hayo unayajua kabla hajafungua mdomo.

Kama mkutano mkuu wa kijiji chenu haujaitishwa kwa robo mwaka, msingoje kampeni. Andikeni barua kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri, mkitaja tarehe ya mkutano wa mwisho na mkiomba tarehe ya ujao pamoja na taarifa ya mapato na matumizi. Wasaini watu kutoka kila kitongoji, wanawake wasikose. Ipelekeni wawili wawili, na nakala yenu yenye muhuri ikae kwa mtu ambaye nyumba yake haivuji.